SIMU ILIYOJIPIGA MFUKONI

Neno letu leo ni Zaburi 141:3. Fungua Biblia yako usome mwenyewe. Daudi anamwomba Mungu amwekee mlinzi kinywani, awe anaangalia kila kinachotoka katika mlango wa midomo yake.

Leo nataka tuongee kuhusu simu. Ndiyo, hiyo hiyo unayosomea. Karibu kila mmoja wetu amewahi kupigiwa, ukasema "haloo, haloo", na unachosikia ni kelele za matatu na nguo ikisuguana. Simu ya mtu imejipiga mfukoni. Huwa tunacheka na kuendelea na kazi. Lakini mwaka huu simu moja ya namna hiyo ilikaribia kuvunja ushirika wa akina mama kanisani kwetu. Wahusika wote watatu wamekubali niliandike jambo hili, mradi nisitaje majina.

Kwanza uelewe simu inajipigaje. Kioo cha simu hizi za kisasa hakipimi uzito wa kidole. Kinahisi badiliko dogo la umeme wa kioo chenyewe linalotokea kikiguswa na kitu kinachopitisha umeme, kama kidole cha mtu. Kitambaa kikavu na kinene hakiwezi kukidanganya kwa urahisi. Lakini mfuko mwembamba uliolowa jasho au mvua, mwili ukiwa karibu, unaweza kukifanya kidhani ni kidole. Na kama uliiweka simu mfukoni kioo kikiwa bado kinawaka, mara nyingi kilichoachwa wazi ni ile orodha ya simu za mwisho. Aliye juu kabisa ya orodha hiyo ni nani? Ni yule uliyetoka kuongea naye sasa hivi. Yule uliyemwambia "ubarikiwe sana". Na mara nyingi, wapendwa, ndiye huyo huyo unayeanza kumjadili ukishamaliza kuagana naye.

Ndivyo ilivyokuwa. Dada wawili walikuwa kwenye matatu, mvua inanyesha, wametoka kumwona mgonjwa wetu hospitalini. Mmoja akampigia mama aliyekuwa mweka hazina kuuliza mchango umefika wapi. Wakaongea vizuri, wakaagana kwa baraka. Simu ikaingia mfuko wa sweta iliyolowa, na mkono ukaingia humo humo kwa sababu ya baridi. Baada ya muda mfupi simu ya mweka hazina ikalia. Akaipokea. Akasema haloo. Kisha akasikia jina lake.

Alisikiliza kwa dakika 11. Alisikia kwamba amekula pesa za mgonjwa. Alisikia kwamba ndiyo maana ameweka tanki jipya la maji nyumbani.

Jumapili mbili hakuonekana ibadani. Wiki ya tatu alikuja ofisini na daftari, risiti za hospitali, na jumbe zote za M-Pesa amezinakili moja moja kwa mkono. Mama kanisa na mimi tulipiga hesabu naye. Pesa zilikuwa sawa mpaka shilingi ya mwisho. Zaidi ya hayo, bili ilipopungukiwa shilingi 1,400 alikuwa amejazia mwenyewe bila kumwambia mtu. Lile tanki alilinunua zamu yake ya chama ilipofika.

Nikamwambia, "Mama, jina lako ni safi." Akaniambia, "Pasta, kusingiziwa wizi nitasahau. Lakini walicheka. Niliwasikia wakicheka."

Tulipowaita wale dada, neno la kwanza la mwenye simu lilikuwa, "Sikukusudia kumpigia, ni simu." Mpendwa, simu haikutunga hata neno moja. Ilibeba tu yaliyokuwa yanasemwa. Soma Luka 12:3 uone kile Yesu anachosema kuhusu yale tunayonong'ona chumbani. Siku ile haitahitaji mfuko uliolowa.

Yule dada alilia, akaomba msamaha. Kisha akafanya jambo lililonigusa: akawarudia watu wanne aliokuwa amewaambia maneno hayo, mmoja baada ya mwingine, akawaambia hayakuwa kweli. Wa pili alituma ujumbe wa msamaha, lakini bado hajaweza kukaa na mama huyo uso kwa uso. Tunaendelea kuomba. Na mama mwenyewe amesamehe, lakini daftari hajakubali kulishika tena. Sikumlazimisha. Kusamehe ni leo, kidonda kupona ni safari.

Nina maneno matatu ya kukuachia.

La kwanza ni kwa anayesema. Usikimbilie kufunga simu ili usengenye kwa amani. Kama neno huwezi kulisema mwenyewe akiwa amekaa kiti cha pili, usiliseme akiwa hayupo. Una wasiwasi kuhusu pesa? Omba hesabu. Siku hizi daftari letu linashikwa na watu wawili na linasomwa mbele ya wote kila mwezi. Tungeanza hivyo mapema, maneno ya matatu yangekosa pa kuota.

La pili ni kwa anayesikia. Yule mama aliniambia, "Ningeweza kukata, lakini nilitaka kusikia mwisho." Mhubiri 7:21-22 inatuonya tusitege sikio kwa kila linalosemwa, kwa maana unaweza kumsikia mtumishi wako akikulaani, na moyo wako unajua nawe umewahi kuwasema wengine. Simu ikijipiga kwako, ita mara mbili, kata, kisha tuma ujumbe: "Simu yako imenipigia." Lakini ukisikia mtu anapigwa au anaomba msaada, usikate ukanyamaza. Tafuta msaada mara moja. Pengine Mungu amekufungulia sikio kwa ajili ya uhai wa mtu.

La tatu ni la mikono. Kabla ya kuweka simu mfukoni, hakikisha umekata, kisha bonyeza kitufe cha pembeni kioo kizime. Weka namba ya siri au alama ya kidole. Ingia kwenye Mipangilio, uweke kioo kizime chenyewe baada ya sekunde 30. Zima ile ya kuwaka unapoiinua simu au kukigonga kioo mara mbili. Simu nyingi pia zina ulinzi wa kuguswa kwa bahati mbaya, unaozuia kioo kikiwa gizani mfukoni. Uwashe. Na ujue kwamba simu nyingi ukibonyeza kitufe cha kuwasha mara tano mfululizo zinapiga simu ya dharura. Mwaka 2023 polisi wa Uingereza walilalamika kwamba laini yao ya dharura imejaa simu za namna hiyo. Hapa kwetu ni 999 au 112. Ikitokea, usikate kimyakimya. Mwambie aliyepokea kwamba ni makosa, asije akahangaika kukutafuta huku mwingine anakufa.

Kioo kina kufuli. Kinywa nacho kinahitaji kufuli, na funguo tumpe Bwana.

Tuombe. Baba, tunakushukuru. Linda midomo yetu tunapokuwa barabarani, jikoni, na kwenye vikundi vya simu. Mponye kila aliyesikia maneno ambayo hakupaswa kuyasikia. Mpe ujasiri yule anayepaswa leo kumrudia mtu na kusema, "Nilikusingizia, nisamehe." Katika jina la Yesu.

Kama kuna mtu amekuja moyoni mwako ukisoma, usiandike Amina hapa kwanza. Mpigie. Safari hii, kwa kukusudia.