Pointi Si Upatu: Barua kwa Mpwa Anayeomba Kibali cha Mbuzi wa Milimani

Mpwa wangu Daudi,

Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa utulivu. Unataka kuwinda mbuzi wa milimani, unaishi Texas ambako mnyama huyo hayupo, na umejipangia kuingia kwenye kura za vibali za majimbo sita kwa mpigo, ukusanye pointi, yaani alama anazowekewa mwombaji aliyekosa kibali, mwaka baada ya mwaka hadi zamu yako ifike. Nia yako naipenda. Mpango wako siupendi, na sitakuficha sababu. Naona uombe kila mwaka katika majimbo yasiyo na pointi, hasa Idaho na Wyoming. Kama roho haitatulia bila pointi, chagua jimbo moja tu lenye utaratibu huo. Fedha zitakazobaki ziweke kando kwa ajili ya kuwinda Alaska, na siku ukiona nyumba yako inazihitaji zaidi, ziende nyumbani bila majuto.

Kinachoharibu mpango wako ni imani kwamba zamu itafika. Umeichukulia pointi kama mchango wa upatu. Katika upatu, watu kumi wakichanga kwa miezi kumi, kila mmoja atapokea, kwa sababu wachangaji ni walewale na kila mwezi kuna wa kupokea. Kura ya mbuzi haiendi hivyo. Kila mwaka wanaotoka na kibali ni wachache kuliko waombaji wapya wanaoingia, na waliotangulia hawaondoki, wanazidi kurundika pointi mbele yako. Tazama Colorado. Huko mtu hukusanya kwanza pointi tatu, na katika miaka hiyo ya mwanzo analipa huku akijua hawezi kupata chochote. Akishafikisha tatu, bado hajafika mbele ya foleni. Ameruhusiwa tu kuingia kwenye kura, na pointi za baadaye humwongezea uzito bila kumhakikishia kitu. Utah hugawa vibali vyake mafungu mawili: nusu huenda kwa wenye pointi nyingi kuliko wote, nusu huchezeshwa kura. Anayeanza leo na pointi sifuri ajue kwamba fungu la kwanza si lake kwa miaka mingi sana, pengine kwa umri wake wote wa kupanda milima. Montana huzidisha pointi kwa zenyewe: mwenye 20 anahesabiwa nafasi 400 na zaidi, nawe uliyeingia jana una moja. Hakuna aliyekudanganya katika haya yote, sheria zimeandikwa wazi. Ila zimeandikwa kwa namna inayomfanya mtu ajihisi ana akiba, wakati alichonacho ni tiketi.

Fanya hesabu mwenyewe, ndiyo ushahidi ninaoutegemea kuliko mwingine. Tuseme katika kitalu fulani nafasi ya mgeni ni 1 kwa 100. Ukiomba miaka 20 mfululizo, uwezekano wa kupata angalau mara moja ni karibu asilimia 18. Ukiomba miaka 30, ni karibu asilimia 26. Nafasi ikiwa 1 kwa 200, miaka 20 inakupa chini ya asilimia 10. Maana yake ni kwamba wengi wa watakaoomba kwa uaminifu maisha yao yote watazeeka bila kibali. Pointi zinaweza kukusogezea hesabu hiyo kidogo, hasa pale ambapo vibali ni vingi kiasi, lakini mgeni hakutani na vibali vingi. Majimbo mengi yanamwekea mgeni kikomo cha asilimia 10 ya vibali vyote, na asilimia 10 ya vibali vitano ni nusu ya kibali. Ndiyo maana katika vitalu vingi mgeni hana hata kimoja, na anayejaza fomu bila kutazama jedwali la mgawo anaweza kuomba kitu ambacho hakipo. Oregon ndiyo imebana kuliko mengi, usipoteze muda huko.

Utaniuliza: kama bahati ni ndogo kiasi hicho, Idaho na Wyoming zina tofauti gani? Huko kila mwaka unajitegemea. Aliyeomba mara ishirini na aliyeomba mara moja wanaingia sawa. Ukipata mtoto, ukiugua, ukifungiwa kazi, ukaruka miaka mitatu, hujapoteza kitu, utarudi ulipoachia. Pointi, kinyume chake, hukufunga. Mtu mwenye pointi 14 huona haya kuacha, si kwa sababu mwaka wa 15 una matumaini, bali kwa sababu 14 zimeshalipiwa. Hapo ndipo fedha za vijana wengi zinapoishia: leseni ya Utah isiyorudishwa, leseni ya Colorado isiyorudishwa, ada ya pointi, ada ya maombi, mwaka hadi mwaka, na siku akijumlisha anakuta zingetosha kumfikisha mlimani kwa njia nyingine. Gharama kubwa ya pointi ni kukunyima uhuru wa kuacha.

Idaho ina jambo jingine ambalo wengi hulilalamikia, nami naliona neema kwako. Anayeomba mbuzi hutakiwa kuweka ada nzima tangu siku ya kuomba, zaidi ya dola 2,600, pamoja na kununua leseni ya mgeni ya dola 185 hivi ambayo hairudi. Usipopata, ada hurudi na leseni inabaki kwao. Tena, mwenye kuomba mbuzi kwa kawaida hawezi mwaka huohuo kuomba kondoo wa milimani wala musi, wala kuingia kura za kulungu na elki. Masharti hayo mawili huwapunguza waombaji wanaotupa majina kila mahali kwa kubahatisha. Wanaobaki ni wale ambao kweli wanamtaka mbuzi. Huna dola elfu mbili na ushee za kulala benki ya watu kwa wiki kadhaa? Basi mwaka huo haukuwa wa kuomba, na hakuna aibu. Kamwe usiweke ada hiyo kwa kadi ya mkopo.

Najua pia lile linalokuudhi, maana umeliandika kwa herufi kubwa. Unasema milima ile mingi iko kwenye ardhi ya serikali kuu, wewe ni raia uliyeapa, unalipa kodi kama mtu wa Montana, iweje yeye apewe tisa katika kila kumi na ada yake iwe ndogo? Hoja yako ina uzito, na ni kweli kwamba ada za wageni ndizo zinazojaza sehemu kubwa ya mifuko ya idara za wanyamapori. Lakini kumiliki ardhi na kusimamia mnyama ni mambo mawili. Ardhi ni ya taifa. Mnyama yuko katika amana ya jimbo. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Baldwin dhidi ya tume ya wanyamapori ya Montana, iliamua kwamba jimbo linaweza kumtoza mgeni zaidi katika uwindaji wa elki, na mwaka 2005 Bunge la Marekani likapitisha sheria kuthibitisha kwamba majimbo yana haki ya kutofautisha mkazi na mgeni. Nasi tunakotoka hatujafanya tofauti. Tanzania, kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, mgeni hawindi kwa ada ya mwananchi: anakuja kupitia kampuni yenye kitalu, anaongozana na mwindaji bingwa, analipa kwa dola. Kenya ilifunga mlango kabisa mwaka 1977. Anayeishi na mnyama mwaka mzima, wakati wa theluji na wakati wa moto wa msituni, ana dai ambalo mgeni wa wiki moja hana. Na kama ipo siku kazi itakuhamishia majimbo haya, Idaho itakuhesabu mkazi baada ya miezi sita na Wyoming baada ya mwaka. Usithubutu kudanganya anwani ili ufupishe njia, ni kosa la jinai na unaweza kunyimwa leseni katika majimbo mengi kwa wakati mmoja.

Uchache wenyewe una sababu, na nataka uielewe kabla hujalaumu mtu. Jike wa mbuzi wa milimani mara nyingi huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka minne au mitano, na kwa kawaida huzaa kitoto kimoja. Vitoto vingi havivuki majira ya baridi ya kwanza. Ukiwaondoa majike wachache katika kundi dogo, kundi linaweza kukaa miaka mingi bila kurudi lilipokuwa. Alberta, Kanada, waliliona hilo wakafunga uwindaji wa mbuzi mwaka 1987, na walipoufungua tena mwaka 2001 waliufungua kwa vibali vya kuhesabika. Watafiti Marco Festa-Bianchet na Steeve Côté walifuatilia kundi la Caw Ridge, Alberta, kwa miaka mingi wakiwatambua mbuzi mmojammoja, na kitabu chao cha mwaka 2008 kinaeleza wazi kwa nini mnyama huyu hawezi kuwindwa kwa kiwango cha kulungu. Mambo ni tofauti kiasi pale ambapo mbuzi walipelekwa na binadamu: Kodiak miaka ya 1952 na 1953, Colorado tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, Utah mwaka 1967. Huko kwingine wanahesabiwa wageni waharibifu. Kati ya 2018 na 2020 waliondolewa katika hifadhi ya Olympic, jimbo la Washington, wengi wakahamishiwa milima ya Cascades ambako ni kwao asilia. Lakini katika makazi ya asili ya Idaho na Montana kila kibali kimetolewa kwa mizani.

Kwa hiyo sharti langu moja sitalilegeza: usiombe kama huwezi kumtofautisha beberu na jike. Vibali vingi huruhusu jinsia yoyote, na jinsia zote zina pembe nyeusi zinazokaribia urefu sawa, kwa hiyo sheria haitakuzuia, ni jicho lako tu. Angalia shina la pembe. Kwa beberu ni nene, pembe mbili zinakaribiana kichwani, na zinapinda taratibu tangu chini hadi ncha. Kwa jike ni nyembamba, kuna nafasi pana katikati, nazo hupanda karibu wima kisha zikavunja kona karibu na ncha. Nyuma ya pembe za beberu kuna tezi nyeusi inayoonekana kwa darubini nzuri. Ukishuku, subiri akojoe: jike huchuchumaa, beberu hunyoosha mwili mbele. Mwenye kitoto pembeni umwache hata kama pembe zake zinakutamanisha. Na ukimpata beberu, tazama amesimama wapi. Mbuzi aliyepigwa ukingoni huporomoka mamia ya mita, pembe zikavunjika na nyama ikapondeka mahali usipoweza kufika. Risasi isiyo na njia ya kuifuata haipigwi.

Kuhusu Alaska, umeandika kwamba kaka yako Idi wa Anchorage atakupeleka, hivyo hutahitaji mwongozaji. Hapana. Alaska inamtaka asiye mkazi awinde mbuzi akiwa na mwongozaji mwenye leseni, au na ndugu mkazi aliye ndani ya daraja la pili la undugu: mzazi, mtoto, ndugu wa tumbo moja, babu, bibi, mjukuu, mke au mume, na wakwe na mashemeji wa karibu. Idi ni kaka yako kwetu, kwa sababu baba zenu ni ndugu. Kwa sheria ya Alaska ni binamu, na binamu hahesabiki. Hata mimi mjomba wako ningehamia huko nisingehesabika. Kwa hiyo kwako ni mwongozaji, na gharama yake mara nyingi hupita dola 10,000 kabla ya leseni ya dola 160 na tagi ya mbuzi ya dola 600. British Columbia nayo kwa kawaida humtaka mgeni asiye Mkanada awe na mwongozaji. Utasema hiyo ni njia ya matajiri. Ni ghali, sikatai. Lakini ni njia yenye mwisho: ukiweka dola 100 kila mwezi, unajua mwaka utakaofika. Weka fedha hizo upande mmoja na za pointi za majimbo uliyoyapanga upande wa pili kwa miaka kumi, kisha uniambie ipi ni kamari.

Ukisisitiza jimbo moja la pointi, chukua Montana, kwa sababu hata mwenye sifuri yumo kwenye kura tangu mwaka wa kwanza. Mwisho wa kuomba ni tarehe 1 Mei. Dirisha la Idaho hufunguliwa tarehe 1 Aprili na kufungwa tarehe 30. Kabla ya hapo mpigie simu mtaalamu wa wanyamapori wa eneo unalolitaka, umuulize kundi linaendaje, njia za kupandia ziko wapi, na mgeni alipata lini mara ya mwisho katika kitalu hicho. Wanajibu, na wanajibu kwa adabu ukiuliza mapema. Nitumie vitalu viwili utakavyochagua ifikapo katikati ya Machi, tuvitazame pamoja kwenye ramani. Mama yako mwambie nitampigia Jumapili.

Mjomba wako