Amana ya Riyali Kumi



Bibi yetu alipofariki, tulilifungua kasha lake ili tujue alichoacha. Katikati ya leso zilizofukizwa udi mlikuwa na msahafu wa marehemu babu, na ndani ya msahafu mlikuwa na noti ya kijani ya riyali kumi. Ilikuwa na picha ya majahazi katika bandari ya Jeddah, na mtende juu ya panga mbili zilizopishana.

Kaka yangu alipata habari kwamba wako watu wanaonunua noti za kale. Akasema, "Basi iuzwe, iingie katika mirathi."

Shangazi alikuwa kimya muda wote. Alipoyasikia hayo akasema, "Hiyo si mali ya babu yenu, wanangu. Ni amana ya watu."

Ndipo akatuhadithia. Babu alipokwenda Hijja katika miaka ya 50, jirani yake mjane alimpa fedha azitolee sadaka Makka kwa niaba ya mwanawe aliyekufa. Babu alizibadilisha kwa karatasi hiyo, kisha akaugua, asiweze kutoka kitandani hadi siku ya safari ya kurudi. Alipofika nyumbani, yule mjane naye alikuwa amekwishafariki, na jamaa zake wamehama mtaa.

Nilitaka kujua ni fedha ya namna gani. Nikaona kwamba haikuwa noti kama tuzijuazo leo, bali stakabadhi ya mahujaji. Saudi Arabia ilianza kuitoa mwaka 1953, kwa kuwa wakati huo fedha yake ilikuwa sarafu, na hujaji alilazimika kubeba mzigo wa riyali za fedha, kila moja ikiwa na uzito wa takriban gramu 11.6. Maandishi yake yanaeleza kwamba riyali kumi zimehifadhiwa hazinani kwa ajili ya yule aliyeishika. Noti rasmi zilipotoka mwaka 1961, stakabadhi hizo zikaanza kuondoka sokoni.

Pakistan nayo ilikuwa na njia yake. Noti zake za kawaida zilipigwa chapa ya ziada, kwa maneno makubwa, kwamba ni za mahujaji na zitumike nchi ya Hijja tu. Anayeipokea alitambua kwa jicho moja kwamba fedha ile imewekewa kazi maalumu. Nilipoyajua hayo niliitazama tena karatasi ya babu. Haikuwa na chapa ya namna hiyo, lakini nia ya yule mama ilikuwa imekwisha kuandikwa juu yake, na hakuna aliyekuwa na haki ya kuifuta.

Tulimwendea sheikh wetu. Alitukumbusha Surat an-Nisaa, aya ya 58, inayoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, kisha akasema kwamba asiyemiliki kitu hawezi kukirithisha. Tuwatafute warithi, na tukiwakosa, tuitoe sadaka kwa nia ya mwenyewe. Kuhusu thamani, alituambia tuipime kwa fedha ya riyali zile kumi, kwani karatasi hiyo ilisimama mahali pake.

Baada ya miezi miwili ya kuuliza huku na huku, tulimpata mjukuu wa yule mjane huko Kisauni. Aliipokea noti kwa mikono miwili, akalia. Kisha akasema, "Hii niachieni, ni ukumbusho wa nyanya yangu. Lakini sadaka itoeni nyinyi, kwani ahadi ilikuwa ya babu yenu."

Kaka yangu ndiye aliyetangulia kutia mkono mfukoni. Tulichanga thamani yake na zaidi kidogo, tukampa hujaji wa mtaani kwetu, tukamwandikia jina la yule kijana na la mamake. Aliporudi alitwambia imewafikia mafukara wa Makka.

Mama zangu na dada zangu, wazee wetu hawakuwa na benki. Kasha ndilo lililokuwa benki yao. Lifungueni wakati wangali hai, muwaulize kila kilichomo ni cha nani. Sisi tulibahatika kuwa na shangazi aliyekumbuka.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili, aliyeweka amana na aliyewekewa. Amin.