Kwa Nini Tulinunua Kinanda Kidogo

Wanafunzi wengi wameuliza kwa nini kwaya yetu ilinunua kinanda kidogo, hali dukani vilikuwapo vikubwa vyenye taa na ngoma za kila namna kwa bei ile ile. Kwa kuwa mimi ndiye mpiga kinanda wa kwaya, na fedha zilichangwa na wazazi wetu, ni haki nieleze.

Kinanda cha zamani kilikuwa na kasoro moja. Ukigusa kibao kwa upole au ukikipiga kwa nguvu, sauti ilikuwa ile ile. Wenzetu wa Kidato cha Kwanza walipoimba kwa sauti ya chini, kinanda kiliwafunika kabisa. Wawili wakaacha kwaya, wakisema hawaoni faida ya kuimba bila kusikika.

Jambo hili ni la kale. Yapata mwaka 1700, huko Florence, Italia, Bartolomeo Cristofori alitengeneza piano ya kwanza, ili mpigaji aweze kutoa sauti ndogo au kubwa kwa vidole vyake tu. Vinanda vya umeme vyenye uwezo huo vina swichi ndogo mbili chini ya kila kibao. Kibao kikishuka, hugusa ya kwanza, kisha ya pili, na mashine hupima muda uliopita kati yake. Muda ukiwa mfupi, sauti hutoka kubwa. Basi kinachopimwa hasa si uzito wa mkono, bali ni mwendo wa kibao.

Dukani muuzaji alitusifia sana kile kikubwa. Mwalimu wetu wa muziki akaniambia, "Mwanangu, zima hizo ngoma. Gusa kibao kimoja mara tatu: kwa upole, kwa wastani, kisha kwa nguvu." Kabla ya hapo alihakikisha kwamba uwezo ule haukufungwa, maana vinanda vingine vina kitufe cha kuufunga. Kile kikubwa hakikubadilika hata kidogo. Cha pili kilibadilika ukubwa wa sauti tu. Cha tatu kilibadilika hata tabia ya sauti: nikigusa polepole ilikuwa laini, nikipiga kwa nguvu ilikuwa kali. Ndicho tulichokichukua.

Sisemi kwamba hakina upungufu. Kina vibao 61, si 88 kama piano, tena ni vyepesi. Anayetaka kujifunza piano hasa yampasa atafute chenye vibao vizito. Lakini hiki chatutosha, na umeme ukikatika hupigwa kwa betri sita.

Wale wenzetu wawili wamerudi, na sasa wanasikika mpaka nyuma ya ukumbi. Nanyi mtakaokwenda kununua kinanda, msichague kwa macho. Chagueni kwa vidole na masikio. Wazee walisema kweli: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.