Bweni la Tabora na Misiba ya Nyumbani

Shule ya Wavulana ya Tabora ikitajwa, aghalabu hutajwa kwa majina ya wakubwa waliotoka humo. Husemwa kwamba ilimtoa Rais wa kwanza wa nchi hii, ikamtoa na Waziri Mkuu, na mawaziri kadha wa kadha, na hapo mazungumzo hukoma. Mimi, ndugu msomaji, hupenda kuwafikiria watu hao kabla hawajawa wakubwa, walipokuwa vijana wa bweni tu, wenye kengele ya kuwaamsha na kengele ya kuwalaza. Maana shule ya bweni haichukui akili ya mtoto peke yake. Huchukua pia nafasi yake nyumbani: kigoda chake karibu na moto, zamu yake ya kuchunga, na mahali pake penye matanga.

Serikali ya Kiingereza iliianzisha shule hiyo katika miaka ya 1920, si muda mrefu baada ya kukabidhiwa Tanganyika iliyotoka mikononi mwa Wajerumani. Gavana Donald Cameron, aliyewasili mwaka 1925, alishika siasa ya kutawala kwa kupitia machifu, na chifu wa kesho ilimbidi asome leo. Kwa hiyo watoto wa machifu ndio waliotangulia kufikiriwa, ingawa vijana wengine waliofaulu nao waliingia. Viranja walikuwa na madaraka makubwa, kwa mfano wa shule za mabwana huko Uingereza, hata watu wakazoea kuifananisha Tabora na Eton.

Huko Malangali, katika nyanda za juu za kusini, mwalimu mmoja wa Kiingereza aitwaye Mumford alijaribu njia nyingine tangu mwaka 1928. Aliwaita wazee wa sehemu ile waje shuleni wafundishe mila, na ngoma zikachezwa kama sehemu ya masomo. Jambo hilo lilikuwa na kasoro zake, kwani mkoloni anapoanza kuipenda sana mila yako ni vema umwulize sababu. Hata hivyo, pale Malangali mzee aliweza kuingia shuleni kwa mlango wa mbele.

Mwaka 1937 aliingia Tabora kijana wa Kizanaki aitwaye Kambarage, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Butiama. Jina la Julius alikuwa bado hajalipata. Alibatizwa mwezi Desemba 1943. Shule yake ya kwanza, ya Mwisenge mjini Musoma, alikuwa ameianza mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, na hata hiyo ilikuwa mwendo wa maili 26 kutoka kwao. Tabora ilikuwa mbali zaidi kuliko hesabu ya maili. Kijana wa Musoma alipaswa kufika Mwanza, kisha kupanda garimoshi kwa reli iliyofunguliwa mwaka 1928, na kushuka katika mji wa miembe ambako hakuna aliyemjua baba yake wala lugha ya mama yake.

Alifanya lile ambalo kila mtoto aliye mbali na kwao hulifanya: alijitafutia ndugu wapya. Alikuwa mstari wa mbele katika mijadala ya shule. Alijifungia na vitabu vya maktaba mpaka Kiingereza chake kikawa cha kutajwa. Alisoma kitabu cha Baden-Powell, na pamoja na wenzake wakaanzisha kikosi cha skauti. Waalimu walipopendekeza awe kiranja mkuu, mwalimu mkuu alikataa, akisema kijana yule ni mpole mno kwa kazi hiyo. Mimi nimeishi chini ya viranja kwa miaka sita, na simkumbuki hata mmoja aliyenyimwa cheo kwa sababu ya upole.

Si wote waliokuwa mbali hivyo. Abdallah Fundikira, wa ukoo wa machifu wa Unyanyembe, naye alisoma hapo, na Itetemia, makao ya ukoo wake, iko jirani kabisa na mji wa Tabora. Huenda usiku mwingine upepo ulimletea ngoma ya kwao hadi kitandani.

Kambarage hakuwa na upepo wa namna hiyo. Mwezi Machi 1942, akiwa katika mwaka wake wa mwisho, habari ilimfikia kwamba baba yake amefariki dunia. Aliomba ruhusa aende kuzika. Shule ilikataa. Fikiri jambo hili, ndugu msomaji: shule iliyojengwa ili kuwalea watoto wa machifu ilimzuia mtoto wa chifu asimzike chifu. Nduguye, Edward Wanzagi, ndiye aliyerithi kiti, na yeye akabaki na vitabu vyake mpaka mwaka ukaisha, akaenda Makerere.

Siwezi kuisoma habari hiyo kama mtu asomaye historia tu. Bibi yangu mzaa mama, aliyenilea tangu nikiwa na miaka mitatu, alifariki katika wiki ya pili ya mtihani wangu wa kidato cha nne. Shule haikunizuia kwenda kuzika, kwa kuwa sikuambiwa. Baba alikuwa amempigia simu mwalimu wa zamu, akamsihi anyamaze. Nikaandika karatasi zote, nikacheza mpira siku ya mwisho, nikapanda basi nikiwa nimembebea bibi pakiti ya majani ya chai. Stendi walinipokea watu wawili badala ya mmoja, wote wamenyamaza, na hapo nikajua. Mvua zilikuwa zimeanza, na kaburi lilikuwa limekwisha kuota majani. Baba aliniambia neno moja tu: "Ungefeli." Nilifaulu, na pengine asemayo ni kweli. Lakini ile chai iliwekwa kabatini, na hakuna aliyethubutu kuichemsha.

Miaka kadhaa baada ya Kambarage, Rashidi Kawawa naye alisoma Tabora, akitokea upande wa Songea. Alipomaliza, mlango wa Makerere ulikuwa wazi mbele yake. Ila baba yake alikuwa amefariki, na nyumbani walikuwapo wadogo zake wenye kutaka kusoma. Kawawa aliiacha Makerere, akatafuta kazi, ili mshahara wake uwasomeshe. Wengi hulisimulia jambo hilo kwa kumsikitikia, kana kwamba alipoteza bahati. Mimi naliona vingine. Naona kijana ambaye shule, pamoja na ukali wake wote, haikuweza kumwondoa katika nafasi yake ya nyumbani. Baadaye alikuwa Waziri Mkuu mara mbili, mwaka 1962 na tena kuanzia 1972 hadi 1977, wala hakupata kuonekana kama mtu aliyepungukiwa.

Mwaka huu binti yetu amechaguliwa kwenda shule ya bweni, mkoa wa mbali. Fomu ya kujiunga imeorodhesha shuka, ndoo, jembe na viatu vyeusi. Nyuma yake pana nafasi tupu ya maelezo mengine ya mzazi. Hapo nimeandika kwamba likitokea lolote nyumbani, hata siku ya mtihani, mtoto aambiwe siku ile ile. Mama yake ameisoma mara mbili. Anasema mwaka mmoja wa masomo haurudi, nami namjibu kwamba maziko nayo hayarudi. Fomu inatakiwa ifike shuleni siku ya Ijumaa, na sahihi yake bado hajaitia.