Kutoka Kilima cha Kwale Hadi Msambweni na Daftari la Joto

Wasomaji wengi wameuona mji wa Kwale kwa mbali tu, kutoka katika gari lipitalo Kombani likielekea Lunga Lunga, nao hudhani kwamba pwani yote ni joto moja. Mimi nami nilikuwa na dhana hiyo hata nilipopelekwa huko kuwa karani. Katika kazi nilizokabidhiwa ilikuwamo moja ambayo hapana mwenzangu aliyeitaka: kufungua kisanduku cheupe kilicho nyuma ya ofisi kila siku saa tatu asubuhi, kusoma vipimajoto vilivyomo, na kuandika katika daftari.

Kisanduku hicho husimama juu ya miguu yake, kimo cha kifua cha mtu, na kuta zake ni vibao vilivyoinamishwa ili hewa ipite na jua lisiingie. Aliyekibuni ni Thomas Stevenson, mhandisi wa Uskochi aliyekuwa akijenga minara ya taa baharini. Mwanawe ndiye Robert Louis Stevenson, mwandishi wa hadithi iliyofasiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina. Basi baba na mwana wote wawili wametufikia huku. Ndani mna vipimajoto viwili vilivyolazwa. Kimoja kina zebaki yenye shingo nyembamba. Joto la mchana huisukuma mbele, nayo hairudi mpaka ikung'utwe, hivyo hubaki ikionyesha joto kubwa la siku. Cha pili kina spiriti na kijiti kidogo ndani yake. Usiku ukipoa spiriti hurudi nyuma na kukivuta kijiti. Asubuhi spiriti hupanda tena, lakini kijiti hubaki pale pale palipofikiwa na baridi ya mwisho. Naomba msomaji akikumbuke kijiti hiki, kwa maana nitakirudia.

Kazi ya namna hii si ngeni katika nchi zetu. Idara ya hali ya hewa ya Afrika ya Mashariki ya Kiingereza ilianzishwa mwaka 1929, makao yake Nairobi, na baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977 kila nchi ikashika idara yake. Mwisho wa mwezi karani hujumlisha siku zote, hugawa, hupata wastani, na karatasi hupelekwa mbele.

Basi mwezi wa Juni uliopita nilitumwa kupeleka nakala za majedwali ya joto ya kila mwezi kwa bwana shamba mmoja wa upande wa Msambweni. Nilitoka Kwale mapema, ukungu ungali umelala juu ya msitu wa Shimba, ambamo wamo palahala, wanyama wasioonekana mahali pengine popote nchini Kenya. Watu walikuwa wamevaa makoti. Mji uko juu ya bahari kwa karibu mita 400, na kwa kadiri ya hesabu ijulikanayo, hewa hupungua joto yapata digrii 6 na nusu kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo anayeteremka hadi pwani hupata joto la digrii mbili na nusu kwa nauli ya matatu tu. Tulipofika Kombani nilikwisha vua koti, na nilipoingia gari la pili, lililotoka Likoni, nililifanya mto.

Nilishuka Ukunda kwa kuwa nilikuwa na nafasi, nikaenda kuiona bahari ya Diani. Mahoteli yake yasifiwa kote, nami sina la kuongeza. Lililonishangaza ni kwamba askari wa zamu aliyekaa chini ya mkungu aliniambia usiku wake haukuwa na baridi hata kidogo, hali mimi nililala chini ya blanketi mbili. Sababu ni bahari yenyewe. Maji hayapati joto upesi wala hayalitoi upesi, na mji ulio kando yake huona tofauti ndogo ya usiku na mchana. Kule Mombasa, ambako vipimo vimewekwa kwa miaka mingi, mchana wa Machi hufika karibu digrii 33 za sentigredi, na ule wa Julai karibu 28. Usiku wa Agosti hushuka hadi karibu 20. Huo ndio upana wote wa mwaka wetu. Jua hupita utosini petu mara mbili, karibu na tarehe 10 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, lakini Oktoba hauwi na joto kama Machi, kwa kuwa kusi imekuwa ikivuma miezi mingi na maji hayajapata moto. Machi kaskazi inakufa, bahari imekwisha chemka, na mtu hana pa kukimbilia.

Mtu atasema, digrii moja au mbili ni nini? Na awaulize wavuvi wa Diani habari za mwaka 1998. Bahari ilizidi joto lake la desturi kwa kadiri ndogo kama hiyo tu, na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakageuka meupe yakafa.

Kutoka Ukunda barabara huenda kusini kati ya minazi. Upande wa bahari uko msitu wa Kaya Kinondo, mmoja wa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoandikwa mwaka 2008 katika urithi wa dunia. Aingiaye humo hufungwa nguo nyeusi kiunoni, na baridi yake humpokea kama ya msikiti wa mawe. Halafu Gazi, mji wa Mbaruk bin Rashid aliyepigana na Waingereza mwaka 1895, na mikoko yake. Baada ya hapo si mbali tena.

Katika ofisi ya bwana shamba nilimkuta mzee mmoja ameketi na kofia yake gotini. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akauliza kama mimi ndiye karani wa joto.

"Ndimi, mzee."

"Afadhali umekuja, mwanangu. Mimi na kijana wangu tuna kesi."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Anayo mikorosho, nayo mwezi wa Julai mwaka uliotangulia ilianza kutoa maua, mara yakapatwa na ubwiriunga, yaani ule ukungu mweupe kama unga ambao hukausha maua yakawa meusi na kuangukia chini. Ugonjwa huu hupenda majira haya ya baridi na umande. Dawa yake ni unga wa salfa, lakini upulizwe mapema. Ukichelewa ni kutupa fedha. Kijana alisema baba alichelewa. Baba alisema hapana, bali baridi ndiyo iliyowahi, zikaja siku chache katikati ya mwezi zenye usiku wa baridi asizopata kuziona. Kama kijana ana haki, basi mwaka huu itoshe kufuata kalenda. Kama mzee ana haki, hana budi kununua salfa kabla ya Julai, na fedha za salfa ndizo za karo ya mjukuu.

"Najua Kwale ni juu na kwangu ni chini," akasema. "Lakini usiku uliokuwa baridi kwenu, hata huku ulikuwa baridi. Nitazamie."

Bwana shamba akalifungua jedwali la Julai. Mzee akataja siku kwa kuhesabia mazishi ya jirani yake. Nikazitazama, na mate yakanikauka. Siku nne mfululizo, joto la usiku: 19.5, 19.5, 19.5, 19.5. Mwandiko ulikuwa wangu.

Siku hizo nilikuwa Mombasa arusini, na sikumwachia mtu ufunguo. Niliporudi nilijaza nafasi zile kwa namba niliyoiona yaelekea. Ubaya zaidi ni huu, kwamba kile kijiti kilikuwa kingali kikiningoja. Kilikuwa kimebaki pale ulipofika usiku uliokuwa baridi kuliko zote nne, na kama ningalikisoma na kuandika pembeni, mzee angalipata nusu ya jibu lake. Nilikuwa na haraka. Nikakiinamisha kikarudi mahali pake, bila kukitazama.

Nikamweleza yote mbele ya bwana shamba. Mzee alinyamaza kidogo.

"Basi siku hizo hukuwako."

"Sikuwako, mzee."

"Lakini karatasi yako yasema ulikuwako."

Sikuwa na la kujibu. Hakunikaripia, alitia kofia yake kichwani akamwuliza bwana shamba bei ya salfa.

Katika gari la kurudi nilipiga hesabu. Ikiwa usiku ule nne ulikuwa na baridi ya digrii mbili kupita nilivyoandika, jumla ni digrii 8, na ukigawa kwa siku 31 wastani wa mwezi umepotoka kwa robo ya digrii. Robo ni ndogo. Lakini wataalamu wasema dunia nzima, tangu miaka ya 1970, imekuwa ikiongezeka joto kwa kadiri ya digrii 0.2 kila miaka 10, na hali ya kawaida ya mahali huhesabiwa kwa vipimo vya miaka 30. Basi arusi moja yaweza kuupa mwezi mmoja wa Julai kosa linalotoshana na kazi ya miaka kumi ya dunia, na asomaye jedwali hana njia ya kujua.

Kesho yake nilizipiga mstari mwekundu zile namba nne, nikaandika juu yake "hakuna kipimo", nikahesabu wastani upya kwa siku 27. Nikaandika barua kwa waliopelekewa karatasi ya kwanza, nikataja sababu na kutia sahihi yangu. Majibu hayajaja. Ufunguo wa pili sasa anao tarishi, naye nimemfundisha kusoma kijiti kabla hajakigusa. Mzee wa Msambweni, nimesikia, alinunua salfa mifuko miwili juma lile lile.