Dawa ya pancha, kutoka Makina hadi Kawangware

Kama hujawahi kupita Makina, mtaani Kibera, asubuhi na mapema siku ya Jumapili, usidhani anayewahi kuamka huko ni muuza mandazi peke yake. Fundi wa baiskeli naye huwa amekwisha kutandika gunia kando ya barabara, akapanga spana, pampu, kipande cha msasa, gundi ya viraka na karai la maji ya kutafutia tundu.

Makina ni moyo wa Wanubi, wazao wa askari kutoka Sudan waliotumikia jeshi la KAR na kukaa hapa tangu mapema katika karne ya 20. Walipaita Kibra, yaani msitu. Msitu huo umekwisha. Kinachotoboa tairi leo ni misumari ya maseremala, vigae vya chupa na nyaya zinazobaki barabarani baada ya matairi kuchomwa siku za ghasia.

Safari yangu ilikuwa fupi. Binamu yangu wa Kawangware husambaza mikate madukani kwa baiskeli, na pancha mbili kwa wiki humla faida yote. Alikuwa amesikia habari za dawa ya majimaji inayotiwa ndani ya tyubu ili izibe matundu yenyewe. Alisikia pia kwamba maji hayo hulegea upande mmoja na kulifanya gurudumu liyumbe. "Kaka, wewe msomi, niambie," alinisihi. "Mikate haitaki kutikiswa." Nikaona heri nijaribu kwanza kwa baiskeli yangu mwenyewe.

Dawa yenyewe ni ute mzito wenye nyuzi na chembechembe za mpira. Mwiba ukitoboa, hewa inayokimbilia nje huusukuma ute huo kwenye tundu, nyuzi zikakwama na kuziba, jinsi takataka zinavyoziba mtaro wakati wa mvua. Tyubu moja ya baiskeli huhitaji takriban mililita 120.

Fundi wa Makina, mzee mwenye kofia ya kufumwa, alichomoa valvu, akamimina dawa, akapiga pampu. Kisha alipindua baiskeli na kulizungusha gurudumu polepole. Likaenda, likarudi, likabembea, mwishowe likasimama dawa ikiwa chini.

"Umeona, mwanangu?" aliniuliza. "Limelemaa."

"Na ukilizungusha kwa kasi, mzee?"

Akakamata pedali na kuizungusha kwa nguvu. Gurudumu lilitetema kidogo, kisha likatulia kabisa. Mzee alitikisa kichwa, lakini hakusema neno.

Sababu yake si uchawi. Mtoto akizungusha ndoo ya maji juu ya kichwa chake, maji hayamwagiki kwa kuwa yanasukumwa kuelekea kitako cha ndoo. Vivyo hivyo, gurudumu la baiskeli ya kawaida likipita mwendo wa kilomita saba hivi kwa saa, msukumo wa kuzunguka huushinda uzito wa dawa. Dawa hujitandaza kote katika upande wa nje wa tyubu. Atakayeuhisi mtikisiko ni yule anayeanza safari asubuhi, baada ya dawa kulala chini usiku kucha, na hata huo huisha baada ya hatua chache.

Niliagana na mzee, nikafuata Joseph Kang'ethe Road hadi Adams Arcade, kisha Ngong Road kuelekea Dagoretti Corner. Baiskeli ilikwenda sawasawa. Karibu na nyumba moja ambako ua wa kayaba ulikuwa umepogolewa, nilisikia "psss" chini yangu, kisha kimya. Niliposhuka nilikuta mwiba mrefu umezama kwenye tairi, na tone la rangi ya kijani kando yake. Upepo haukupungua. Nikaanza kutunga maneno ya kumsifia binamu dawa hiyo.

Sifa zangu ziliishia Kawangware. Nilikuwa nimeshika Naivasha Road na ninakaribia 46, sehemu iliyopewa jina la nambari ya matatu zake, nilipokanyaga kigae cha chupa. Kilichana ubavu wa tairi pamoja na tyubu. Dawa huziba tundu la milimita tatu hivi, tena pale tairi linapokanyaga ardhi. Mpasuko wa ubavuni haiuwezi. Suruali yangu ya Jumapili ilipata madoa ya kijani hadi magotini.

Fundi kijana wa hapo alifungua tyubu na kusonya. Aliiosha, akaifuta, akaipiga msasa, akapaka gundi na kubandika kiraka. Kiraka kikabanduka. Alirudia tena, kikabanduka. Dawa ilikuwa ikichuruzika mle mle mpasukoni, na gundi haishiki penye majimaji. Ilinibidi kununua tyubu mpya.

Kabla sijaondoka alinionyesha tyubu ya mteja mwingine aliyelalamika kwamba baiskeli yake inarukaruka. Aliichana kwa wembe. Ndani, dawa ilikuwa imekauka na kugandamana mahali pamoja kama ukoko wa ugali. Zile zinazotengenezwa kwa utomvu wa mpira hukauka baada ya miezi kadhaa, hasa baiskeli ikisimama bila kutumiwa. Hapo ndipo gurudumu hukosa uzani sawa kwelikweli. Bonge la gramu 100, kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, huvuta kwa nguvu isiyofika nusu kilo, na mwendeshaji hana habari. Akiteremka mlima kwa kilomita 40 kwa saa, nguvu hiyo hukaribia kilo nne, ikigonga mara tano kila sekunde.

Binamu alinipokea kwa chai na kicheko. Nilimweleza kwamba hofu yake ya kuyumba haikuwa na msingi, maadamu dawa ni mbichi na mwendo ni wa kuuza mikate. Anayepita penye nyua za kayaba, tena mwenye uwezo wa kutupa tyubu, itamfaa. Lakini tyubu yake ya nyuma ina viraka 11, na bado inamlisha yeye na watoto. Akiimwagia dawa, siku itakapochanwa na chupa atakuwa ameiaga.

Hakujibu. Alitoa tyubu kuukuu chini ya kitanda, akaichana kwa urefu na kuilaza kati ya tairi na tyubu ili iwe ngao, kama alivyowaona mafundi wakifanya. Nilimshikia taa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe msomaji mwenye baiskeli, kabla ya kuuziba, muulize fundi wako kama ataweza kuuziba tena kesho.