Kunirushia Mpira

Kuna sentensi fupi ambayo imenikaa kichwani kwa muda mrefu: "Shangazi alinirushia mpira." Msomaji asiyejua mazingira yake hawezi kuamua kama shangazi alinitakia mema au mabaya. Huenda alinirushia niudake nifurahi. Huenda alinirushia unipige nitoke mchezoni. Kauli ya kutendea, ile i ndogo tunayoichomeka ndani ya kitenzi, haisemi. Inatuambia tu kwamba tendo lina mtu wa kumfikia. Kama linamfikia kwa faida yake au kwa hasara yake, hilo limeachiwa moyo wa mtenda.

Washairi tunalijua jambo hili vizuri kuliko wengine, hata kama hatulitaji. Kumtungia mtu shairi ni heshima, na kumtungia mtu uongo ni fitina, lakini kitenzi ni kilekile. Kumsemea mtoto ni kumtetea asiyeweza kujieleza, na ni hicho hicho kumshtaki kwa mwalimu. Niliwahi kuona huu ni utajiri wa lugha na nikaishia hapo. Nimechelewa kuona kwamba ni swali, na kwamba swali lenyewe linanihusu.

Nilikulia Ngokolo, mjini Shinyanga. Jioni, jua lilipopoa, wasichana wa mtaa wetu tulicheza rede. Kwa wasiokulia kwenye mchezo huo: warushaji wawili husimama wakitazamana, mmoja huku na mwingine kule, na katikati wanabaki wachezaji wanaokwepa mpira. Mmoja wao huinama kujaza mchanga kwenye chupa, macho yake yakigawanyika kati ya chupa na mpira. Mpira wetu ulikuwa wa soksi kuukuu zilizoshindiliwa matambara na kufungwa kwa kamba. Ukikugusa, umetoka. Mtaani kwetu aliyefanikiwa kuudaka alikuwa na haki ya kumrudisha mwenzake aliyekwisha kutoka, kwa hiyo mdakaji hodari alipendwa kama mkombozi.

Mimi nilikuwa mdogo na mzito, nikitoka wa kwanza kila siku. Dada zangu hawakuwa wabaya, walikuwa wanacheza. Kazi ya mrushaji katika rede ni kukutoa.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa akirudi kutoka sokoni na beseni lake kichwani. Siku moja aliliweka chini, akajifunga khanga vizuri kiunoni, akaomba mpira. "Wakubwa kaeni pembeni kidogo," alisema. "Nataka huyu." Alisogea karibu, akainama hadi macho yake yakawa sawa na yangu, akaurusha kwa mkono wa chini. "Utazame mpira, mama. Usinitazame mimi." Ukanipita. Akaurusha tena palepale. Mara ya nne au ya tano nikajikuta nimeukumbatia kifuani, na vumbi la soksi likaniingia puani. Shangazi akabeba beseni lake, akaingia ndani kuwasha moto.

Kumbukumbu hiyo ilikuwa imelala hadi mwaka jana, mdogo wangu anayeishi Marekani aliponitumia video ya binti yake wa miaka saba. Mtoto amevaa kofia ngumu inayomzidi kichwa, ameshika kigongo cha kupigia mpira, anacheza softiboli. Ni ndugu wa besiboli, ila uwanja wake ni mdogo zaidi na mpira wake mkubwa zaidi, nao hurushwa kwa mkono wa chini. Ulianzia Chicago mwaka 1887, ndani ya ukumbi, na mpira wa kwanza ulikuwa glavu ya ndondi iliyofungwa kwa kamba ikawa duara. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu. Kumbe na wao walianza na soksi.

Katika mchezo huu mrushaji ni adui wa mpigaji. Yeye ni wa timu pinzani, na ustadi wake wote ni kumfanya mwenye kigongo apige hewa. Lakini nilipoitazama ile video niliona jambo lisilo la kawaida: aliyesimama katikati ya uwanja kumrushia mpwa wangu alikuwa mtu mzima, na alikuwa amevaa rangi za timu ya mpwa wangu. Nikampigia mdogo wangu simu. "Dada, huyo ni kocha wao," akaniambia. "Wakiwa wadogo hivi, kocha ndiye anayewarushia watoto wake mwenyewe. Warushaji wa umri wao hawajaweza kulenga. Wangeachwa warushiane, mchezo mzima ungekuwa wa kuokota mipira."

Tangu hapo nimetazama na kusoma mengi kuhusu makocha hao. Kocha anaposimama pale, amebadilisha maana ya nafasi yenyewe. Mahali palipowekwa kwa ajili ya kumshinda mtoto, yeye anapatumia kumwezesha mtoto. Wengine hupiga goti moja ili mpira utoke usawa wa macho ya mtoto. Halengi mtoto, wala halengi nafasi iliyo wazi. Analenga mahali kigongo kitakapopita. Kwa hiyo lazima awe amekwisha kumsoma: huyu huchelewa kuzungusha, yule hushusha bega, huyu hufumba macho mwishoni. Mpira ukipigwa vizuri, kazi yake inayobaki ni kuukwepa, asizuie njia ya kile alichokitaka.

Na kuna jambo jingine, ambalo sikulitarajia. Nilidhani kocha mwema ni yule anayerusha polepole kabisa. Makocha wenye uzoefu wanaonya kinyume. Mpira uliorushwa kwa huruma mno hupanda juu, ukaning'inia, kisha ukashuka kutoka angani, na hakuna mpira mgumu zaidi kwa mtoto kuliko huo, kwa sababu kigongo chake kinapita kwa ulalo na mpira unakuja kwa wima. Mpira unaopigika ni ule ulionyooka, wenye mwendo wa kutosha. Huruma isiyo na kipimo nayo humkosesha mtoto.

Mchezo huu si mgeni kabisa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, nchini Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania, mwaka mmoja baada ya wenzao wa Kampala kufuzu na kisha kukosa viza. Nikiwafikiria, nafikiria kwanza mtu aliyewarushia mipira ya mwanzo, kabla hakujawa na viza ya kuombwa.

Lakini sijaandika haya kwa ajili ya michezo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari mkoani Geita, na kwa miaka kadhaa nimekuwa na kikundi cha ushairi siku za Ijumaa. Geita ina mgodi mkubwa wa kisasa uliofunguliwa mwaka 2000, lakini wanafunzi wangu wengi ni watoto wa machimbo madogo. Wanaishi na maduara, mialo na makarasha, zile mashine za kusaga mawe zinazonguruma tangu alfajiri. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliniletea tarbia kuhusu mama yake, ambaye huponda mawe kwa nyundo kabla hayajapelekwa karashani. Mshororo wake wa tatu ulikuwa huu:

Mama anaponda mawe, vumbi lajaa kifuani.

Niliusoma mbele ya darasa. Kisha nikainua vidole, nikahesabu kwa sauti. Ukwapi, mizani nane. Utao, moja, mbili, tatu, hadi tisa. "Kumi na saba," nikasema. "Shairi limevunjika mguu." Darasa likacheka. Nami, niseme ukweli, nilifurahia kicheko kile. Msichana akakunja karatasi yake mara mbili, akaketi. Ijumaa iliyofuata hakuja, wala iliyofuata. Katika lugha ya rede, alikuwa ametoka, na mrushaji alikuwa mimi.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi, na hapo ndipo kosa lilipojificha. Nilisimama mahali pa mwalimu, nikarusha kama mpinzani. Nilitafuta nafasi iliyo wazi kwenye shairi lake, nikaipata, nikamtoa. Sikuona kwamba mtoto alikuwa amesema jambo zito. Vumbi la mwamba linaingia vifuani mwa watu wa huku, nalo huleta maradhi ya mapafu. Labda alikuwa akiniambia kwamba mama yake anakohoa. Mimi nilisikia silabi moja iliyozidi.

Ningeweza kufanya nini? Sisemi kwamba ningemwambia "vizuri sana" nikamwacha na kumi na saba zake. Huo ndio mpira unaoning'inia angani, na mwanafunzi aliyesifiwa kila kitu hawezi kuupiga. Ningeweza kuinama usawa wake nikasema: "Huo ukwapi usiuguse, umekaa. Sasa vumbi hilo, badala ya 'lajaa', lipe neno fupi zaidi." Huenda angesema "vumbi limo kifuani", mizani nane. Huenda angesema "vumbi tele kifuani", nazo ni nane. Au angenitazama akasema kwamba kujaa ndiko anakokutaka, na tungebishana kama washairi wawili. Kwa vyovyote angekuwa amezungusha kigongo chake mwenyewe.

Najua wapo watakaosema ushairi wetu umekuzwa na ushindani, na hawajakosea. Malumbano ni urithi wa pwani, na huku bara Wasukuma wana Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo baada ya mavuno hushindana kuwavuta watazamaji, kila manju akimrushia mwenzake maneno. Nimesimama kwenye viwanja hivyo nikiwa mtoto, nikiwa nimeshika mkono wa shangazi huyohuyo. Lakini manju haingii uwanjani bila kupitia uani kwa mtu fulani, aliyemwimbia kipande na kumwachia akimalize. Ushindani ni wa waliokwisha kufundwa. Tunakosea tunapomwanzisha mtoto na siku ya mwisho.

Siku hizi Ijumaa zangu zimebadilika. Naandika ukwapi mmoja ubaoni, wenye kina kilicho wazi, kisha nampa kila mmoja nafasi ya kuutilia utao. Nampa aliye mwepesi kina kigumu, na anayesitasita nampa kina cha -ni au -wa, ambacho kinapatikana kila mahali. Nimeanza kuwasoma wanafunzi kabla ya kusoma mashairi yao: huyu hukimbilia misemo, yule huogopa kujitaja. Mizani tunahesabu bado, tena kwa ukali, ila kila mmoja huhesabu zake kwanza, kwa vidole vyake, kimya. Si kila utao unakaa. Mingi inapita pembeni, nami naandika ukwapi uleule tena.

Yule msichana sikuwahi kumrudishia deni lake. Nilipopata ujasiri wa kumwita, niliambiwa familia imehama. Watu walikuwa wamesikia kwamba dhahabu imetema mahali pengine, na machimboni habari kama hiyo huhamisha kaya nzima kwa usiku mmoja. Sijui aliko, wala sijui kama bado anaandika. Mshororo wake nimeubakiza kwenye daftari langu kama ulivyokuwa, mizani kumi na saba, na kila ninapousoma sioni tena pa kukata.

Shangazi sasa ni mzee na magoti yanamsumbua. Nilipokwenda Shinyanga likizo iliyopita nilimuuliza kama anakumbuka jioni ile. Hakuikumbuka. "Mimi nilikuwa nimechoka na soko," alisema. "Nilitaka tu udake hata mmoja, tuingie ndani tukapike." Nikamwambia wabeja, akacheka, akaniuliza ni wabeja ya nini.